Kifaa Kilichoachwa kwa Boke

Mtu akikuambia Boke wa Guta ni mkorofi, mkatalie hapo hapo. Boke ni mbishi, na ubishi wake una sababu. Mwaka huu sababu yenyewe ilikuwa inapita juu ya bati lake kila asubuhi, ina mabawa mawili na tumbo jeupe, imejaa wageni wanaokwenda kutazama simba.

Uwanja wa ndege ulijengwa upande wa pili wa mashamba ya pamba. Kampuni ya ndege ilikuja, ikasawazisha ardhi, ikaweka kibanda cha watalii kungojea, na ndege zikaanza kutua. Mwanzoni watu walifurahi. Watoto walikuwa wanakimbia nje kupunga mikono, na Boke mwenyewe alipunga, haoni aibu kusema. Shida ni kwamba rubani akitaka kutua anakata kona juu ya nyumba za watu, chini kabisa, mpaka sufuria zinagongana kichanjani. Ziwa lipo pale, pana, halina mtu wa kulalamika. Lakini kuzungukia ziwani ni mbali na mafuta ni ghali, basi njia ikawa juu ya kichwa cha Boke.

Yeye angevumilia. Aliyeshindwa kuvumilia ni Kasmiri, mume wake.

Kasmiri alipoteza macho akiwa mtu mzima, kwa ugonjwa ule wa presha ya macho unaoingia polepole na kuondoka na kila kitu. Watu walidhani atakaa kwenye kigoda asubiri kulishwa. Thubutu! Alijifunza kutembea upya kwa masikio. Mlango wake aliujua kwa bati lililolegea, zizi kwa kengele ya ng'ombe anayeongoza, kisima kwa mlio wa pampu. Alikuwa anatoka na fimbo yake mpaka sokoni Kabasa, ananunua ugoro, anataniana na wauza sato, anarudi. Ukikutana naye njiani anakuita jina kabla hujamsalimia, tena anakuuliza mbona leo unaburuza kiatu.

Ndipo zikaja ndege. Ikipita moja, bati, kengele na pampu vyote vinamezwa, na Kasmiri anabaki amesimama katikati ya giza hajui pa kuweka mguu.

"Mimi nilikuwaga kipofu mara moja tu," alimwambia Boke. "Sasa hivi napofuka kila siku."

Siku moja alikuwa kando ya barabara, ndege ikawa juu yake, na pikipiki ya Onesmo ikatokea kwenye kona. Kasmiri hakuisikia. Alikanyaga barabarani, na mguu ukavunjika. Onesmo alimbeba mwenyewe hospitali huku analia kama mtoto, kijana wa watu, na kosa halikuwa lake. Mguu uliunga, umepinda kidogo. Tangu siku hiyo Boke alimkataza mumewe kutembea peke yake, akamwapisha kabisa. Yeye akienda shambani, Kasmiri akae mlangoni mpaka arudi. Mchana ndege zikishalala watatembea pamoja, mkono kwa mkono. Kasmiri alikubali, tena upesi mno kwa mtu kama yeye.

Sasa sikia. Kampuni ikaomba kibali cha kuongeza ndege, zipite asubuhi hadi jioni, wiki nzima. Boke aliposikia habari hiyo aliacha kupepeta mahindi. Ule mchana mdogo waliobakiwa nao, ule wa kutembea, nao uchukuliwe? Kasmiri akae kwenye kigoda mpaka wamchimbie kaburi hapo hapo mlangoni?

"Hakitoki," alisema. "Hicho kibali hakitoki mimi nikiwa hai."

"Wewe ni nani?" akauliza Kasmiri.

"Mimi ni mkeo. Nyamaza."

Serikali ilisema kabla ya kibali kelele zipimwe. Wapimaji walikodiwa Musoma na kampuni yenyewe, na aliyetumwa kuja kufunga kifaa alikuwa kijana mmoja anaitwa Brian, mtu wa Butiama, mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Alipita nyumba kwa nyumba akitafuta mahali pa wazi, na ua wa Boke ndio ukamfaa. Akasimamisha mti wa chuma mrefu kupita mtu. Juu yake palikuwa na maiki iliyovikwa sponji jeusi la mviringo, na juu ya sponji miba ya kuwazuia kunguru wasitue. Chini kulikuwa na sanduku lenye kufuli, na pembeni kioo kidogo cha sola. Kijitaa cha kijani kikawa kinawaka na kuzima.

"Nani atakaa nacho?" Boke akauliza.

"Hakuna, mama. Kinasikia chenyewe, usiku na mchana, bila mtu. Kelele ikipanda sana kinarekodi na sauti yenyewe, ili tukisikiliza tujue ilikuwa ndege, radi au mbwa. Ombi langu moja, msikisaidie. Mkianza kupiga ngoma hapa ili namba zipande, nitasikia, na nitafuta siku nzima."

Boke alipenda hapo. Mtu anayekwambia mapema asichotaka, huyo unaweza kufanya naye kazi.

Halafu Brian akafanya jambo ambalo ofisi yake haikumtuma. Alisema yeye ni mtoto wa wafugaji, na kwao mtu haachi mali uani kwa watu bila shahidi. Akaitwa Masatu, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye nyumba yake imepakana na ya Boke, na Brian akasimama mbele yao, amevua kofia.

"Mzee Masatu, unaona. Kifaa hiki nakiacha kwa mama Boke. Nitakuja kukichukua mimi mwenyewe."

"Nimeona," akasema Masatu.

"Nimekipokea," akasema Boke.

Pengine Brian alifanya vile kwa adabu tu aliyolelewa nayo na babu yake. Lakini kwa watu wa huku maneno hayo yana uzito. Mwenye ng'ombe wengi hawalazi wote zizi moja. Wengine anawapeleka kwa rafiki, mbele ya shahidi, wakae huko. Anayekaa nao anakamua, maziwa ni yake. Na siku ya kuwachukua, mwenyewe aliyewaleta ndiye anayekuja, mchana, mbele ya shahidi yule yule. Hatumi mtu. Ukimwachia ng'ombe mtu aliyetumwa, hata awe kaka yake, wewe ndiye utakayeitwa mwizi ng'ombe akipotea. Boke alikulia katika sheria hiyo, na hakuwahi kusikia kwamba ina mwisho.

Basi kifaa kikakaa. Jioni ile ile Onesmo akafika na pikipiki yake, akaiegesha chini ya maiki na kuanza kuvuta mafuta, vruum, vruum, mpaka kuku wakatawanyika.

Boke akatoka na mwiko mkononi. "We Onesmo! Una wazimu?"

"Naongeza kelele, mama! Wajue tunavyoumia!"

"Unataka tuonekane waongo? Toa hilo dubwasha lako hapa kabla sijalimwagia maji ya uji!"

"Mama, mimi nataka kusaidia. Mguu wa mzee..." Akashindwa kumaliza.

"Najua unataka kusaidia, mwanangu," Boke akasema, sauti imeshuka. "Ndege zenyewe zinatosha. Ziache ziseme."

Na hapo ndipo walipochezewa, maana kesho yake ndege hazikupita.

Yaani zilikuwepo. Boke alizisikia kwa mbali, akatoka nje, akaziona zinazungukia kule ziwani, ndogo, zinametameta vizuri, zinashuka uwanjani kwa upande wa pili. Akadhani ni upepo. Keshokutwa yake vile vile. Wiki ikapita, sufuria zimetulia kichanjani, na kile kidude kiko pale mlangoni kinasikiliza kuku.

"Wanajua," akasema Kasmiri kutoka kwenye kigoda. "Wameambiwa kifaa kiko wapi."

"Hawana haya!"

"Haya ya nini? Kitaandika Guta kuna utulivu kama kanisani Jumatatu. Kibali kitatoka."

Boke alijisikia mjinga. Amekipokea, amekilinda, amefukuza hadi vijana waliotaka kukisaidia, na sasa kinakwenda kumtolea ushahidi mume wake. Alikaa chini pale uani na hasira zikampanda mpaka machozi yakamtoka, akayafuta na kanga upesi, ingawa hapakuwa na wa kuyaona.

Siku za kupima zilizowekwa kwenye mkataba zilipokwisha, aliyekuja si Brian. Alikuja dada mmoja wa kampuni ya ndege anaitwa Lilian, msemaji wao kwa wananchi, ndani ya gari jeupe na dereva. Dada mwenyewe ana lugha nzuri, amesuka vizuri, na shikamoo alitoa. Boke akaitikia marahaba na kumpa kiti.

"Mama, tunashukuru sana kwa ushirikiano. Tumekuja kuchukua kifaa chetu."

"Brian yuko wapi?"

"Brian ana kazi nyingine huko Butiama. Ametuomba tumsaidie."

"Amekuomba wewe?"

"Ofisi yake imetuomba."

"Basi mwambie aje mwenyewe. Aliniachia yeye, mbele ya shahidi. Sitoi kwa mtu mwingine."

Lilian akacheka, akidhani ni utani. Akamwashiria dereva, na dereva akausogelea mti wa chuma. Boke akainuka kwenye kigoda, akatembea taratibu bila haraka yoyote, akaukumbatia ule mti kwa mikono miwili.

"Ung'oeni na mimi," akasema.

Dereva akarudi nyuma. Yeye ni mtu wa huku huku, mama yake anatoka Bugwema. Hakutaka kuonekana anang'ang'aniana na mwanamke wa rika la mama yake.

"Mama, hii ni mali ya watu," Lilian akasema. Lugha nzuri ilianza kupungua. "Nikienda polisi itakuwa kesi."

"Nenda. Waambie Boke amekataa kutoa mali ya watu kwa mtu ambaye hakuileta. Waambie hivyo hivyo, usipunguze neno."

"Mwenyekiti!" Lilian akamgeukia Masatu, ambaye alishatoka kwake kwa ajili ya kelele na sasa alikuwa anajuta. "Mwenyekiti, ongea na mtu wako."

Masatu ni mtu wa kukwepa ugomvi. Aliangalia gari, akaangalia viatu vyake, akaangalia mikono ya Boke imeshika chuma. 

"Mimi nilikuwa shahidi," akasema mwishowe. "Kijana alisema atakuja mwenyewe. Nilisikia kwa masikio yangu. Sasa nikisema vingine, kesho nani ataniita ushahidi tena?"

Boke nusura ambusu.

Wakiwa bado wanatazamana hivyo, ikaja. Mlio ulianzia mbali, ukakaribia, na wote wanne wakainua vichwa. Lilian asubuhi ile alishapiga simu uwanjani kusema kifaa kinatolewa, na rubani hakutaka kuunguza mafuta bure kuzungukia ziwani. Ndege ikapita juu ya ua wa Boke, chini, tumbo lake jeupe linaonekana na matairi yake. Bati likatetemeka. Lilian alikuwa anasema kitu, mdomo unafunguka na kufunga, na hakuna neno lililosikika.

Ilipokwisha kupita, Lilian akautazama ule mti. Kijitaa cha kijani kilikuwa kinawaka na kuzima, hakina habari na mtu. Uso wake ulibadilika. Ndipo Boke naye akaelewa, na furaha ikamwingia kiasi cha kutaka kupiga kigelegele. Akajizuia, maana Brian alisema wasikisaidie.

Lilian hakuwa mjinga. Alikwenda mbio kwenye kile kioo cha sola, akashika waya unaoingia kwenye sanduku, akauchomoa.

"Basi. Nimekizima. Baki na mti wako, mama, ufanye wa kuanikia nguo. Brian atakuja akipata nafasi."

Wakapanda gari, wakaondoka na vumbi lao. Boke akangoja vumbi litue. Akaenda, akauokota ule waya, akalitazama tundu lake, akauchomeka. Hakuhitaji kusoma shule kwa hilo. Kijitaa hakikuwa kimezimika hata mara moja, maana ndani ya sanduku kulikuwa na betri ya kutosha, lakini hilo Boke hakulijua. Yeye alijua tu kwamba ng'ombe wa watu haachwi na kiu.

Ndege zikarudi njia yake ya zamani, zote, asubuhi baada ya asubuhi, na kampuni ikiamini kifaa kimekufa. Boke alikuwa shambani na jembe begani, ndege inapita, anainua uso na kusema, "Piteni, wanangu, piteni. Mnakaribishwa." Majirani wakadhani akili zimemruka. Kasmiri aliposimuliwa alicheka mpaka akakohoa. Siku hizo ndizo alizocheka kwa mara ya kwanza tangu mguu uvunjike, na Boke akaona hata wakishindwa, hiki kicheko hakuna wa kumnyang'anya.

Brian alikuja mavuno ya pamba yakiwa yanaanza. Alikuja na basi, peke yake, na Masatu akaitwa. Alipofungua sanduku na kuunganisha kompyuta yake, alizipitia namba moja moja mpaka miwani ikashuka puani.

"Mama, hiki hakijasimama hata dakika moja."

"Nilikulindia."

"Hizi siku za nyuma... hizi ndege zote..." Akavua miwani. "Ripoti imeshaandikwa, mama. Musoma waliandika siku za mkataba tu, wakaipeleka. Inasema mko chini ya kiwango. Mkutano wa wananchi wa kuamua kibali ni wiki ijayo."

"Basi andikeni nyingine."

"Bosi analipwa na hao hao. Nikipeleka hizi, atasema ziko nje ya mkataba, atazifuta."

Boke akamvutia kigoda. Akamletea togwa kwenye kibuyu, akamngoja anywe. "Mwanangu, babu yako ng'ombe zake alikuwa anaweka kwa watu?"

"Ndiyo, mama. Wengine mpaka huku Bunda."

"Akienda kuwachukua, anamwambia yule mtu ayarudishe maziwa?"

Brian akatazama chini. Alishaona anakopelekwa.

"Mimi sikuombi uongo," Boke akasema. "Wala sikuombi upigane na bosi wako. Ng'ombe wako huyo, mchukue, umemkuta mzima. Lakini maziwa ni yangu. Kile alichosikia akiwa kwangu, nipe, nibaki nacho."

"Nikijulikana nitafukuzwa kazi."

"Na nisipopata, huyu," akanyoosha mkono kwa Kasmiri aliyekaa mlangoni, kichwa kimeinama, "huyu atakaa hapo hapo mpaka afe. Mtazame. Halafu nijibu utakavyo, sitakulaani."

Brian alimtazama Kasmiri. Kasmiri alijua anatazamwa, akanyoosha mgongo.

"Nani ana flashi?" Brian akauliza kwa sauti ndogo.

Onesmo alikuwa nayo, ile ya muziki anayochomeka kwenye redio ya pikipiki. Ilikuwa imejaa singeli na kwaya, na ilibidi nyimbo nyingi zifutwe. Onesmo alizifuta mwenyewe bila kununa, hata zile za mchumba wake. Walijaribu kusikiliza moja kati ya zile sauti, muungurumo mtupu, wakaizima wasije kuiharibu.

Mkutano ulifanyika kwenye kiwanja cha shule. Watu walijaa, wengine walitoka Kabasa kuona tu. Mezani alikaa afisa mazingira, mama mnene wa sauti ya polepole aliyetoka Bunda mjini, na kando yake Lilian na Brian. Boke alimwongoza Kasmiri mpaka mbele, wakakaa chini kwenye nyasi. Onesmo alisukuma pikipiki yake mpaka nyuma yao na kuegesha.

Lilian alisoma ripoti. Kusema kweli aliisoma vizuri. Kelele za eneo hilo ni za kawaida. Ndege zinasikika kwa mbali. Mwananchi wa Guta anaweza kuzungumza, kulala na kufanya shughuli zake bila kusumbuliwa. Watu wakaguna.

Boke akainuka. "Na siku zilizofuata?"

"Hizo haziko kwenye mkataba, mama. Tena kifaa kilikuwa kimezimwa."

"Kimezimwa na nani?"

Watu wakacheka. Lilian akasogeza karatasi zake. Afisa mazingira akamgeukia Brian, bila kupandisha sauti. "Kijana, wewe ndiye mpimaji. Kilikuwa kimezimwa?"

Kiwanja kizima kikamtazama. 

"Hapana," akasema. "Nilikikuta kinafanya kazi. Sikukuta pengo lolote. Hakijaguswa, na sauti walizonazo hawa kwenye flashi ni nakala halisi, niliwapa mimi."

Lilian akamgeukia kwa macho makali, na Brian hakumtazama. Boke alimwombea palepale, Mungu ampe kazi nyingine nzuri kuliko hiyo.

"Onesmo," akasema Boke, "weka."

Onesmo akabonyeza. Spika za pikipiki zile, mnazijua, zimezoea kugombana na upepo wa barabarani. Muungurumo ukatoka, ukapanda, ukajaa kiwanjani mpaka watoto wa mbele wakaziba masikio. Afisa mazingira akakunja uso. Ndege ikapita, ikafifia, ikaenda zake, na Boke akataka kumwambia Onesmo azime, maana hapo alijua imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Kifaa kilikuwa bado kinasikiliza. Ilisikika fimbo inagonga ardhi, huku na huku, bila mpango. Kisha sauti ya mtu.

"Boke?"

Kimya. Fimbo inagonga.

"Boke! Niko wapi hapa? Boke!"

Boke hakuwepo siku hiyo. Alikuwa shambani. Asubuhi zote zile alikuwa shambani, anainua uso na kuzikaribisha ndege kwa kejeli, na akirudi anamkuta Kasmiri kwenye kigoda, anamwuliza leo umeshindaje, naye anajibu, nimekaa tu, ningekwenda wapi? Kumbe alikuwa anatoka. Akisikia hatua za mkewe zimepotelea njia ya pamba, anachukua fimbo na kujaribu kulifuata zizi kwa kengele, na ndege inakuja na kumnyang'anya kengele. Na sauti ile ilikuwa karibu sana na maiki. Alikuwa amepotea uani kwake mwenyewe, hatua chache toka mlangoni.

"Boke!" ikaita tena spika, sasa kwa woga waziwazi, sauti ambayo Boke hakuwahi kuisikia kwa mume wake, hata siku ya mguu, hata siku ya macho.

Rekodi ikakatika. Hakuna aliyecheka. Masatu alikuwa anatazama nyasi. Boke akainama haraka kumshika mkono mumewe, amwondoe pale mbele ya watu, amfiche, maana aliona aibu inayomkuta mwanaume kama Kasmiri, ambaye sokoni Kabasa wanamwogopa kwa maneno.

Kasmiri akauondoa mkono wake, taratibu. Akainuka mwenyewe, kwa fimbo, mguu umepinda, akasimama wima na kugeuza uso kule ilikotoka sauti ya Lilian.

"Huyo ni mimi," akasema. "Kasmiri. Msije mkadhani ni mtoto kapotea sokoni."

Lilian akafungua mdomo. "Mzee, pole sana, ila hii sasa siyo kipimo cha..."

"Nilimwahidi mke wangu sitatoka, nikawa natoka. Hilo nitalimaliza naye nyumbani, na kipigo chake nakijua." Watu wachache wakacheka, kwa woga. "Lakini umesoma hapo kwamba mwananchi wa Guta anafanya shughuli zake bila kusumbuliwa. Shughuli yangu mimi ni kwenda kuwagusa ng'ombe wangu. Hiyo tu. Sikufika hata siku moja."

Boke akasimama kando yake. Hakumshika. Machozi yalikuwa yanamtiririka wazi, na safari hii hakuyafuta, wayaone.

Afisa mazingira alikuwa ameweka kalamu chini. "Inatosha, mzee," akasema kwa ile sauti yake ya polepole, imekauka kidogo. "Tumesikia. Kibali hakitoki kwa ripoti hii. Vipimo vitarudiwa, vyote, na kampuni itajibu kuhusu njia ya ndege. Kaa upumzike. Tumekusikia."

"Nyie mmesikia mara moja," akasema Kasmiri. "Onesmo, weka tena."

Na Onesmo akaweka.